Chakula Rahisi ni Rahisi kwa Nani?

Katika lugha yetu liko neno moja lichukualo mizigo miwili, nalo ni neno "rahisi". Mtu arudipo sokoni akasema, "Leo maharage ni rahisi," maana yake bei imepungua. Mwalimu asemapo, "Hesabu hii ni rahisi," maana yake haina taabu. Neno ni moja, lakini mambo ni mawili, na aghalabu mambo hayo mawili hayalali nyumba moja. Siku hizi, ambapo fedha ni chache katika nyumba nyingi, twasikia kila mahali shauri lile lile: pikeni nyumbani, pikeni chakula rahisi. Shauri ni jema, wala hatuna ugomvi nalo. Lakini wenye kulitoa hawasemi ni rahisi kwa namna gani, wala ni rahisi kwa nani. Swali hili la mwisho ndilo tutakalo kulifikiri.

Na tutwae kande iwe mfano wetu. Chakula hiki chajulikana sana Upareni na Kilimanjaro, na hata mijini ni wachache wasiokijua: mahindi yaliyokobolewa, maharage, chumvi, kitunguu na mafuta kidogo, au tui la nazi kwa aliye nalo. Kwa fedha ni chakula cha mtu asiye na kitu. Kwa mwili hakioni aibu mbele ya pilau. Wataalamu wa lishe wametuonyesha kwamba protini ya mahindi ina upungufu wa sehemu fulani ambazo maharage yanazo tele, na protini ya maharage ina upungufu ambao mahindi huuziba. Vikiliwa pamoja, kila kimoja humkamilisha mwenziwe. Bibi zetu hawakujifunza elimu hiyo katika kitabu, lakini chungu chao kiliijua.

Sasa tuhesabu upande wa pili. Mahindi hukobolewa kwa mchi na kinu, au huchukuliwa kichwani mpaka mashineni. Maharage huchaguliwa juu ya ungo, punje kwa punje, kuondoa vijiwe na zile zilizotobolewa na wadudu. Maji huchotwa, na kande hunywa maji mengi. Kuni hutafutwa, au mkaa hununuliwa. Kisha chungu hukaa motoni saa mbili, mara nyingi tatu, wala hakikai peke yake, maana hapana budi awepo mtu wa kuchochea moto na kuongeza maji, chakula kisije kikaungua. Je, chakula hiki ni rahisi? Kwa mfuko wa fedha, naam. Kwa mgongo wa yule aliyekipika, na kwa macho yake yaliyokaa katika moshi, si rahisi hata kidogo.

Vilivyo rahisi kwa mikono ni vingine: chipsi za njiani, maandazi, mkate mweupe na chai iliyojaa sukari. Hivyo vyapatikana mara moja, bila kuni. Lakini mtu akipima fedha aliyotoa na nguvu aliyoipata mwilini mwake kwa siku nzima, ataona kwamba amenunua ghali. Basi ndipo tuonapo mambo yalivyo. Mara nyingi shilingi iliyookolewa jikoni haikuokolewa bure. Imelipwa na mtu mwingine, kwa jasho badala ya fedha, na kwa kuwa jasho halina risiti, hakuna aliyeliandika katika hesabu ya nyumba.

Labda msomaji atatujibu: "Kazi ya jikoni haina bei. Mke wangu yupo nyumbani. Saa zake zagharimu nini?" Jibu hili tumelisikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu wema, nasi twasema halisimami. Huyo mke "aliyepo nyumbani" alfajiri alikuwa kisimani, asubuhi alikuwa shambani na jembe, au gengeni akiuza nyanya za mafungu. Saa tatu za kande hazikuanguka kutoka mbinguni. Zimetolewa mahali fulani: katika usingizi wake, au katika muda wa kumlisha mtoto mchanga, au katika biashara ndogo ambayo ingaliongeza fedha ile ile iliyopungua. Mtu asemaye kwamba saa za mwenziwe hazina bei, aghalabu hajawahi kuziuza wala kuzinunua, amezitumia tu.

Tena hili si jambo la kubishania kwa maneno matupu. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022, watoto 30 katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano walionekana wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi kuliko ilivyoupasa umri wao. Mtu angedhani wengi wao watakuwa mahali penye ukame na njaa. Sivyo. Mkoa ulioongoza ni Iringa, ambako waliodumaa walikuwa zaidi ya nusu. Njombe na Rukwa zilifuata, karibu nusu. Hiyo ni mikoa ya mahindi, ambayo gunia zake hulisha miji ya wengine! Sababu zake ni nyingi, wala hatupendi kuzikunja zote ziwe moja. Lakini mbili hutajwa mara nyingi. Ya kwanza, chakula ni cha namna moja siku zote, ugali na kitoweo kidogo. Ya pili, mama ana kazi nyingi shambani, hata mtoto huachiwa uji mwepesi wa unga mtupu, mara moja au mbili kutwa. Uji huo ni rahisi kwa maana zote mbili, bei na kazi. Anayeulipia ni mtoto, naye hulipa kwa mifupa yake, maana kimo kilichopotea katika miaka miwili ya kwanza ni vigumu sana kukirudisha baadaye. Kijiko cha unga wa karanga au cha dagaa waliosagwa kingaliubadili uji huo, nacho si ghali. Lakini lazima awepo mtu mwenye nafasi ya kuwasaga hao dagaa.

Na tutoke jikoni twende sokoni, maana huko nako yuko alipaye bila kuonekana. Sote twaijua methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali ni ya kweli kwa awekaye akiba. Kwa anunuaye, kibaba ndicho kipimo cha hasara. Mwenye fedha hununua gunia zima wakati wa mavuno, bei ikiwa chini; asiye nazo hununua kibaba kwa kibaba mwezi wa Februari, wakati ghala za wengi zimekwisha na bei imepanda. Mafuta hununua ya kupima, mkaa wa kopo, vitunguu vya fungu. Akijumlisha mwisho wa mwezi, ametoa fedha nyingi kuliko jirani yake tajiri kwa uzito ule ule. Kwa hiyo, wale wanaosimama mbele ya watu na kuwahubiria, "Nunueni kwa wingi, mtaokoa fedha," wanasema kweli isiyomfaa anayeisikia. Ni kama kumwambia asiye na ng'ombe kwamba maziwa ya nyumbani ni bora kuliko ya kununua. Tumeona pia kwamba watoa shauri hilo mara nyingi wana ghala.

Liwezekanalo ni jirani kwa jirani. Nyumba tano zikichangiana kwa wakati wa mavuno zaweza kununua gunia moja la kilo 100, kila nyumba ikapata kilo 20 kwa bei ya jumla. Jambo hili lahitaji uaminifu kuliko lihitajivyo fedha, na ndiyo sababu ni gumu. Mahindi na yakaushwe vizuri kabla ya kuwekwa. Kisha yatiwe katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, nao wadudu walio ndani watakufa kwa kukosa pumzi, bila dawa yo yote.

Tumesema yakaushwe vizuri, na hapa lazima tukae kidogo, maana tumefika kwenye ubaya uzidio yote tuliyoyataja. Mahindi na karanga vikiwekwa na unyevu huota kuvu, na kuvu wa namna fulani hufanya sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Haina ladha ya kumwonya mtu, wala moto wa jikoni hauiondoi, wala kupika pombe hakuiondoi. Mwaka 2004 katika nchi ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 msiba kama huo ulifika Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu 20 walikufa. Wengi wa watu hawa walikula chakula cha kila siku, katika nyumba zao wenyewe.

Sasa tuseme yuko mfanyabiashara mwenye magunia kumi, na mawili kati yake yameota kuvu. Ayatupe? Ni hasara. Ayauze kwa nusu ya bei? Atasema, "Sikumdanganya mtu. Kuvu waonekana, bei ni ndogo, na mnunuzi amekubali mwenyewe." Hapa ndipo neno "rahisi" linapoonyesha meno yake. Ni kweli mnunuzi amekubali. Lakini aliyekubali ni nani? Ni yule mama mwenye watoto wanne na fedha ya kibaba kimoja. Na katika sauti yake iliyosema "nipimie" ilisema njaa kwanza. Mtu mwenye kuchagua kati ya sumu ya kesho na njaa ya leo hakuchagua kwa hiari, hata kama hakuna aliyemshika mkono. Twasema basi kwamba mkataba huo, ingawa hauna uongo ndani yake, si wa haki. Kipo chakula ambacho hakuna bei ndogo ya kutosha kukihalalisha.

Vile vile kwa atoaye bure. Mtu akiyapepeta mahindi yake, akayatenga mazuri kwa nyumba yake na yenye kuvu akampelekea mjane wa jirani, huyo hakutoa sadaka. Amehamisha hasara yake. Wala asifikiri kwamba ameponyoka kwa kumpa ng'ombe, maana sumu hiyo hupita ikaingia katika maziwa. Mahindi hayo na yatupwe, ijapokuwa moyo wauma. Tunajua ni neno gumu kwa mtu aliyelima kwa jembe la mkono. Hatuoni jingine.

Baada ya hayo twaweza kusema habari ya aibu, ambayo ni ndogo zaidi lakini yatawala nyumba nyingi. Wazee watakumbuka miaka ya shida, ya 1970 na 1980, wakati Tanzania ilipopokea mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Watu waliuita unga wake "unga wa Yanga", kwa rangi ya timu ile ya mpira, na wengi waliula huku wakiona haya, kana kwamba wamevaa nguo ya kuazima. Kumbe mahindi ya manjano yana rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, faida ya macho na kinga ya maradhi, na mahindi yetu meupe karibu hayana kabisa! Si kwamba twayasifu mahindi ya msaada. Hakuna asifuye njaa. Twasema tu kwamba macho ya watu yalihukumu rangi, na hukumu ikawa ya uongo.

Hukumu ya namna hiyo ingaliko. Sembe nyeupe huandaliwa mgeni, dona hufichwa. Na tofauti yake ni nini? Sembe imeondolewa pumba na kiini, yaani sehemu kubwa ya mafuta, vitamini na nyuzinyuzi za nafaka, na mnunuzi hulipa zaidi kwa kilichopungua. Mgeni akija, maharage huondolewa mezani, kuku hukopwa, na nyumba hukaa wiki mbili ikilipa deni la chakula cha mchana mmoja. Twauliza: mgeni huyo, kama ni rafiki kweli, angalifurahi kujua? Ukarimu wa Waafrika twausifu, nao wastahili sifa. Lakini ukarimu ni kumgawia mtu kile mlacho, kwa nafasi na kwa uso mwema. Kumkopea usichokula ni jambo jingine, na ndani yake mna majivuno kidogo. Wala mgeni naye hana ruhusa ya kuitazama sahani na kupima heshima yake kwa uzito wa mnofu.

Lakini hesabu kubwa kuliko ya mgeni ni ya wenyeji wenyewe, chungu kikiisha kuepuliwa. Nyumba nyingi huweka akiba kwa njia ambayo haitajwi: anayekula mwisho hula kidogo. Nyama ikinunuliwa Jumamosi, baba hupewa vipande, watoto hupewa mchuzi, na mama hufuta chungu kwa tonge. Zamani makabila mengi yaliwakataza wajawazito na watoto wasile mayai. Mwiko umelegea, desturi ya mgawo imebaki. Sababu inayotolewa ni kwamba baba ndiye atafutaye. Sababu hii haikosi akili kabisa. Mwenye kulima au kubeba mizigo kutwa ahitaji chakula kingi cha kutia nguvu, na haifai kumpimia ugali sawa na wa mzee akaaye kivulini. Lakini nguvu ni jambo moja na kujenga ni jambo jingine. Ugali, viazi na ndizi hutia nguvu. Hivyo vigawanywe kwa kadiri ya kazi. Nyama, mayai, dagaa na maharage hujenga mwili; na katika nyumba wako wanaojengwa bado, nao ni watoto, na yule achukuaye mtoto tumboni, na yule anyonyeshaye. Hao wapate sehemu yao kwanza. Kilo moja ya nyama ikikatwa vipande vidogo ikatiwa ndani ya chungu cha maharage, hakuna tena mnofu wa baba na mchuzi wa mtoto. Kila upawa hutoka na chake. Twajua wako wanaume watakaosoma maneno haya na kugeuza ukurasa.

Na kwa kuwa mtu akisema kwamba kazi ni nzito yampasa aonyeshe jinsi ya kuipunguza, tutaje machache tuyajuayo kwa hakika. Maharage yalowekwe usiku kucha, na maji hayo yamwagwe. Yataiva upesi na kuokoa mkaa mwingi. Wengine hutia magadi. Huharakisha kweli, lakini hupunguza vitamini, kwa hiyo kuloweka ni bora. Maharage mekundu yasiliwe kabla ya kuchemka kwa nguvu, kwa uchache dakika kumi, maana mabichi yana sumu iumizayo tumbo, nayo haiondoki kwa moto mdogo. Limau likamuliwe juu ya maharage au mboga za majani, ili mwili upate madini ya chuma yaliyomo. Na chai ingoje muda wa saa moja baada ya kula, kwa sababu huyazuia madini hayo. Mchicha, matembele na majani ya kunde yatiwe mafuta kidogo, yasipikwe mpaka yageuke matope. Kisamvu, kinyume chake, lazima kitwangwe na kuchemshwa sana. Dagaa wakavu ni ghali wakipimwa kwa kilo, lakini karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, basi konzi moja yatosha sufuria nzima.

Tena liko kapu. Kapu kubwa likijazwa matambara, au manyasi makavu, na shimo la sufuria likaachwa katikati, hushika moto muda mrefu. Maharage yaliyolowekwa yachemshwe kwa nguvu nusu saa, sufuria ifunikwe na kuingizwa humo ingali ikitokota, juu yake uwekwe mto au blanketi kuukuu. Likifungwa hivyo asubuhi, mchana maharage hukutwa yameiva, bila mtu kukaa kando ya moto, na mama hupata saa mbili zake. Kazi ya kuyachagua jioni haikuandikiwa mtu mmoja. Ungo watosha watu watatu, na baba akivuta kigoda chake karibu na taa, macho yake huona kijiwe sawasawa na ya mwingine.